Barua ya wazi kwa wakuu wa Kaunti ya Mombasa: Hesabu za mwaka ziwataje na wanaowadai

Kwa Mheshimiwa Gavana, Waziri wa Fedha wa Kaunti, Mheshimiwa Spika na Wawakilishi Wadi wote wa Mombasa.
Nakala: Hazina ya Kitaifa na Ofisi ya Mdhibiti wa Bajeti, Nairobi.

Waheshimiwa, salamu sana.

Mwaka wa fedha 2024/25 ulifungwa Juni 30, 2025, na sasa mko kwenye msimu wa ripoti. Mdhibiti wa Bajeti atatoa yake. Hazina ya Kaunti itaandaa ile karatasi ya mapitio ya bajeti ambayo sheria yataka iwe tayari kufikia Septemba 30, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amepewa na Katiba miezi sita kuleta yake. Naandika mapema kwa makusudi. Ripoti ikishachapishwa huwa imeshageuka hotuba, na kwenye hotuba hakuna anayeruhusiwa kuuliza.

Najua itakavyosomeka. Mapato yamepanda, matumizi yamedhibitiwa, uchumi umetengemaa. Wala sitabisha, maana mengi ya hayo ni kweli. Januari 2024 dola moja ilikuwa yafika shilingi 160. Leo ni 129 hivi, na imetulia hapo zaidi ya mwaka. Mfumuko wa bei uliogonga asilimia 9.6 Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 3.8 Juni 2025. Benki Kuu iliyokuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13 ilikuwa imeishusha hadi 9.75 kufikia Juni 2025. Hapa kwetu bandari ilipitisha zaidi ya tani milioni 41 mwaka 2024, na makontena yakavuka milioni mbili kwa mara ya kwanza, kwa kipimo cha futi ishirini. Anayesema hali ni ileile ya 2020, wakati Mji wa Kale ulipofungiwa na mahoteli mengi ya ufuoni yakafunga milango, amesahau haraka.

Swali langu ni moja tu. Katika huo uzuri wa hesabu zenu, ni kiasi gani kimetokana na bili za watu ambazo hazijalipwa?

Mimi ni mwandishi wa vitabu vya hesabu. Nina meza, kompyuta na printa karibu na Mwembe Tayari, na wateja wangu ni wafanyabiashara wadogo: wauza vifaa vya ofisini, mafundi wa AC, wenye kampuni za usafi, vijana wa kuchapisha mabango, akina mama wenye cheti cha AGPO ambao serikali yenyewe iliwaambia asilimia 30 ya tenda ni yao, wao na vijana na watu wenye ulemavu. Nawapangia hesabu, nawajazia marejesho ya KRA, mamlaka ya kodi. Si mwanasiasa na sina tenda na mtu. Lakini hesabu za serikali nazijua kwa upande wa pili, upande wa anayengoja.

Tuchukue mfano wa kubuni, mtu asije akaniletea wakili. Idara fulani ina bajeti ya shilingi milioni 100. Milioni 60 zatarajiwa kutoka mgao wa kitaifa, milioni 40 kutoka mapato ya kaunti yenyewe: leseni za biashara, maegesho ya magari, kodi za ardhi, ushuru wa soko. Mwaka waanza, idara yatoa LPO, yaani hati za kuagiza mzigo, kulingana na bajeti iliyopitishwa, wauzaji wapeleka mzigo. Mwaka ukiisha, yale mapato ya kaunti yameingia milioni 28 badala ya 40. Idara imepokea milioni 88 na imelipa milioni 88. Kwenye kitabu cha pesa taslimu hakuna nakisi hata ya senti. Ripoti itasema bajeti imetekelezwa kwa asilimia 88, na hiyo ni alama nzuri, ziko kaunti zingeipigia vigelegele.

Milioni 12 ziko wapi? Sabuni imeshatumika. Karatasi zimeshachapwa. AC imetengenezwa na mkubwa anapulizwa. Zile milioni 12 ziko kwa wauzaji, zimejificha ndani ya mikopo waliyochukua kununua huo mzigo, na kwenye ripoti zitakuja kutajwa ukurasa wa nyuma, kwenye jedwali la malimbikizo, kama zitatajwa zote. Ni sawa na mtu anayejisifu hana deni kwa kuwa daftari la deni liko dukani, halipo nyumbani kwake.

Halafu mwaka wa pili waja. Bajeti ni milioni 100 tena, lakini 12 ni za jana. Kazi mpya imebakiwa na 88, na LPO zitolewazo ni za 100, kwa kuwa mahitaji hayakupungua na makadirio ya mapato hayakurekebishwa. Mfanye hivyo miaka mitano mfululizo muone.

Tena mwaka huu kuna jambo jipya. Mwaka 2024 Baraza la Mawaziri lilikubali kwamba serikali ya kitaifa na za kaunti zihame kutoka hesabu za pesa taslimu, ziende kwenye hesabu zinazoandika deni siku linapozaliwa, kuanzia Julai 1, 2024, kwa awamu ya miaka mitatu. Mwaka mliofunga juzi ndio wa kwanza katika mpango huo. Kwa hiyo ninachoomba si upendeleo, wala si fikra iliyonijia barazani kwenye kahawa tungu. Ni njia ambayo serikali imeshasema itaipita.

Nitawaonyesha faili moja. Ni la mama mmoja wa Kisauni, mteja wangu, muuza vifaa vya usafi: sabuni ya maji ya jerikani, mopu, dawa ya sakafu, tishu za katoni. Aliiuzia taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja, na si lazima iwe yenu. Ndani ya faili kuna LPO yenye muhuri. Kuna hati ya kupokelea mzigo, iliyotiwa sahihi na mtu wa stoo, ile nakala ya kaboni ambayo maandishi yake yameanza kufifia hata nimemwambia aipige picha kabla haijawa karatasi nyeupe. Kuna karatasi ya kamati iliyokagua mzigo. Kuna ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Kila kitu kiko sawa isipokuwa pesa. Akienda kuuliza huambiwa vocha iko kwa mhasibu. Kwa mhasibu huambiwa iko kwenye mfumo. Mfumo nao huwa umelala. Juni ikaisha, IFMIS, mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali, ikafungwa, na vocha ambayo haikuwahi kuvuka ikarudi kama haikuandikwa. Ili alipwe mwaka mpya, deni lake sharti liingizwe tena kwenye bajeti, na likisahauliwa lingoje bajeti ya ziada, itakayokuja ikija.

Sasa sikieni upande wa pili wa serikali hiyohiyo. Ile ankara ya eTIMS ilipobonyezwa, KRA iliiona. Sheria ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, haingoji pesa iingie. Yahesabu tangu mzigo ulipotolewa au ankara ilipoandikwa, na marejesho yake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa mauzo ya shilingi 500,000, VAT ya asilimia 16 ni shilingi 80,000. Hata ukitoa ile VAT aliyolipa mwenyewe aliponunua mzigo, kilichobaki akitoe mfukoni, kwa pesa ambazo hajazishika. Asipolipa, riba na faini zaanza kuhesabiwa, na cheti cha kutii kodi hakitoki. Bila cheti hicho haombi tenda nyingine popote. Basi akakopa chamani, akailipa serikali kodi ya pesa ambazo serikali haijamlipa. Mimi ndiye niliyemjazia marejesho hayo. Nilipomaliza akaniuliza kwa upole tu, "Sasa mwanangu, hapo faida yangu mimi ni ipi?" Nikamwonyesha mstari wa faida. Karatasini ipo, na kodi ya mapato itadaiwa juu yake pia.

Mtaniambia riba zimeshuka, hali itakuwa afueni. Afueni hiyo ni ya anayekopa leo. Mkopo wa chama hauteremki kwa sababu Benki Kuu imeteremsha, na ile mikopo ya kwenye simu, ambayo watu hukimbilia chama kikikauka, sitaki hata kuanza kuizungumza.

Haki ni haki, na sitawabebesha nyinyi peke yenu. Ibara ya 219 ya Katiba yasema mgao wa kaunti upelekwe bila kucheleweshwa na bila kukatwa. Mwaka wa fedha 2023/24 kaunti zilifunga vitabu mgao wa mwezi wa mwisho haujafika. Ulikuja mwaka mpya ukiwa umeshaanza. Huu tuliofunga nao ulianza kwa mguu mbaya. Mswada wa Fedha 2024 ulipoondolewa baada ya maandamano ya Juni, mgao wa kaunti zote 47 ukateremshwa kutoka bilioni 400 hadi bilioni 387, wakati bajeti za kaunti zilikuwa zimeshapitishwa kwa hesabu ya ule wa kwanza. Nakala ya barua hii nimeipeleka Hazina ya Kitaifa kwa sababu hiyo. Mama wa Kisauni hajui ofisi ya Treasury iko ghorofa ya ngapi, lakini kila mara mgao wa kaunti unapokawia, wa mwisho kwenye mnyororo ni yeye. Mishahara hulipwa kwanza, kwa kuwa wafanyakazi wakigoma hospitali zafungwa. Halafu makato ya lazima. Muuza mopu hana chama cha wafanyakazi.

Hata hivyo iko sehemu ambayo ni yenu kabisa, na Nairobi haihusiki. Ni makadirio ya mapato. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimerudia miaka nenda miaka rudi kwamba kaunti zajiwekea malengo ya mapato ambayo haziyafikii, na kwamba pengo hilo ndilo linalozaa malimbikizo. Mombasa ni miongoni mwa kaunti zinazokusanya pesa nyingi zaidi nchini, na kwa hiyo makosa ya makadirio hapa ni makosa ya pesa nyingi. Kaunti inayotegemea mgao kwa karibu kila kitu ikikadiria vibaya ushuru wake wa soko, haumii mtu sana. Mombasa ikikadiria vibaya kodi za ardhi, ni LPO ngapi hizo?

Na nina hofu na wakati huu hasa. Uchumi ukidorora, waandishi wa bajeti huwa na adabu, hawaahidi sana. Uchumi ukianza kuinuka ndipo mkono unapokuwa mwepesi. Mtu huangalia bandari imejaa, dola imetulia, watalii wamerudi, akaongeza makadirio hapa na pale, na bajeti ikalingana vizuri mezani. Lakini bandari ni ya taifa. Meli ikitia nanga Kilindini, pesa yake haiingii kwenye mfuko wa kaunti moja kwa moja. Watu wa Miritini na Changamwe wakumbuka vizuri jinsi tani zilivyoendelea kupanda huku magereji na vibanda vyao vya chakula vikifungwa, baada ya makontena kuamriwa yapande reli ya SGR hadi Nairobi. Amri ile iliondolewa mwaka 2022, na shughuli zimerudi kiasi. Bado, tani za bandarini si kipimo cha kile mwenye duka la Jomvu anachoweza kulipa kwa leseni.

Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 iko wazi katika kifungu cha 53: afisa asianze ununuzi kabla ya kuridhika kwamba pesa za kutosha zimo kwenye bajeti iliyopitishwa. Sheria hiyohiyo yasema bili iliyochelewa ina riba. Tangu nianze kazi hii sijamwona muuzaji mdogo aliyethubutu kuidai hiyo riba. Ukiidai utaonekana mkorofi, na mkorofi hapewi LPO ya pili. Ule mswada wa kuzilazimisha serikali zilipe kwa wakati nao umekuwa ukiingia na kutoka bungeni kwa miaka, haujawa sheria.

Kuna watakaosema bili nyingi ni hewa. Hilo nalikubali. Mkaguzi Mkuu alipokagua malimbikizo ya kaunti zote hadi Juni 30, 2018, yaliyodaiwa yalikuwa karibu shilingi bilioni 89, na zilizopita uhakiki ni kama bilioni 51. Zilizobaki zilikosa stakabadhi za kuzitetea. Kwa hiyo uhakiki ni lazima, na mtu asiye na hati ya kupokelewa mzigo asilipwe pesa za umma kwa kulia tu. Lakini tazameni kilichofuata. Kufikia Juni 30, 2024, malimbikizo ya kaunti yalikuwa yamepita bilioni 180. Nairobi peke yake ni kama theluthi mbili ya hizo, sawa, tusiisingizie nchi nzima. Hata ukiitoa Nairobi, zinazobaki ni nyingi kuliko zile bilioni 51 zilizoitwa halali. Uhakiki bila ratiba ya malipo umekuwa chumba cha kungojea. Kila uongozi mpya unapoingia kwenye kaunti waunda kamati, kamati yaomba faili upya, mama apeleka fotokopi upya, na ile karatasi ya kaboni yazidi kufifia.

Na kama swali ni iwapo kulipa bili za zamani kwasaidia uchumi kuinuka, serikali yenyewe ilishajibu. Machi 25, 2020, korona ilipobisha hodi, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru idara za serikali zilipe angalau shilingi bilioni 13 za bili zilizohakikiwa ndani ya wiki tatu, na KRA irudishe bilioni 10 za VAT. Hatua hizo zilitangazwa pamoja na kupunguzwa kwa kodi, zote zikiwa dawa ya uchumi. Kumbe ikitakiwa yawezekana. Kilichonishangaza wakati ule ni kwamba bili zilizohakikiwa zilikuwepo tayari, zimekaa tu. Ilihitajika balaa ndipo zionekane kuwa ni pesa za watu.

Waheshimiwa, kati ya njia zote za kusukuma uchumi wa mji huu, sijaona iliyo rahisi kuliko hii. Haihitaji tenda mpya, maana tenda ilishafanyika. Haihitaji mshauri wa kuandika mpango. Kazi ilishafanyika na sabuni ilishamwagwa sakafuni. Mlipeni yule mama, na kabla wiki haijaisha pesa iko kwa muuzaji wa jumla aliyemkopesha katoni, iko kwa mwenye tuktuk, iko shuleni kwa mwanawe, na sehemu yake imerudi kwenu kwa leseni ya biashara. Leseni hiyo, kwa taarifa yenu, mkaguzi akija dukani hakubali kuambiwa, "Nami nawadai." Tatizo la njia hii ni moja, nalo ni la kisiasa: hakuna utepe wa kukata. Hakuna anayepigwa picha akilipa bili ya mwaka 2021.

Kwa hiyo naomba nini? Naomba ile karatasi ya Septemba iwe na kiambatisho cha madeni yote, bili kwa bili: idara gani, mwaka gani wa fedha, kiasi gani, imehakikiwa au la, na kama imekataliwa, kwa sababu gani. Jina la kampuni laweza kuwekwa; waliopewa tenda ni taarifa za umma. Jumla peke yake haitoshi. Jumla huficha umri, na deni la miezi miwili si deni la miaka minne. Kiambatisho hicho kiwekwe pale pale zinapoandikwa asilimia za utekelezaji, ukurasa wa mbele, ili anayesoma asilimia 88 aone palepale na zile milioni 12.

Naomba pia foleni ionekane. Bili iliyohakikiwa mapema ilipwe mapema, na anayerukwa aandikiwe kwa nini. Sisemi kuna anayekula. Nasema foleni isiyoonekana hulea maneno, na hayo maneno mwayajua: nani ana mtu ndani, nani alitoa kitu ili faili lake lipande juu. Mkiichapisha orodha kila robo mwaka, pamoja na zilizolipwa, maneno hayo mengi yatakufa yenyewe, na yatakayobaki yatakuwa na anwani.

Na makadirio ya mapato ya mwaka huu mpya myatazame upya sasa, mapema, msingoje Mei. Chukueni kilichokusanywa kweli, si kilichotamaniwa, mwongeze kidogo kwa ajili ya uchumi ulioinuka, kisha LPO zisizidi hapo. Mgao wa kaunti zote umepandishwa hadi bilioni 415 kwa mwaka 2025/26, na kishawishi kitakuwa kuuhesabia wote miradi mipya. Sehemu yetu ya nyongeza hiyo ianze kwa waliotangulia.

Hapa nageukia wawakilishi wadi, na nasema kwa heshima. Bajeti hupita mikononi mwenu, na kila wadi kati ya 30 yataka barabara yake, taa zake, chekechea yake. Najua mwaulizwa msikitini na sokoni umetuletea nini. Lakini barabara ambayo mkandarasi wake hajalipwa haijaisha, hata kama lami imekauka. Gharama yake ingali inapanda, na mkandarasi wa pili akija kuomba kazi ataongeza bei kwa kuwa ajua atangoja. Ndiyo maana bei za serikali ziko juu kuliko za dukani, na msiwalaumu wauzaji peke yao kwa hilo. Sheria yataka asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo, na bili ya barabara iliyokwisha kujengwa ni maendeleo vilevile. Mwaka mmoja wenye miradi mipya michache hautamwangusha mwakilishi ambaye atasimama mbele ya wadi yake na orodha ya waliolipwa.

Na hiyo orodha iandikwe kwa Kiswahili. Zile hati za bajeti tunazoletewa kwenye vikao vya umma ni kurasa mia na ushei za Kiingereza, zatufikia siku ileile ya kikao, halafu tunaulizwa maoni. Kurasa nne za Kiswahili zibandikwe ofisi ya kila wadi na pale kivuko cha Likoni. Watu wa Mombasa wanaweza kusoma jedwali; hujumlisha deni la duka kila mwisho wa mwezi.

Kwa upande wetu, wateja wangu wenye bili serikalini, kokote wanakodai, faili zao ziko tayari, zimepangwa kwa mwaka, na nakala zilizokuwa zikififia zimepigwa picha. Tajeni siku na mahali pa uhakiki kabla ya Septemba 30, hata iwe Jumamosi, na mtoe stakabadhi kwa kila faili litakalopokelewa, yenye tarehe na namba, ili kamati ijayo isituambie tuanze upya.

Wenu,
Mwandishi wa hesabu,
Mwembe Tayari, Mombasa
Julai 2025